Mdudu Aliyetoboa kwa Mstari

Kwako dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na uwagawie wote waliomo humo ndani kabla hujaendelea, maana nakujua, ukishaanza kusoma huinuki tena. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia limekuwa kama redio, linatangaza mvua kabla haijanyesha. Na shemeji, kikohozi kimemwachia, au bado anakimbia dawa kwa sababu ni chungu, mtu mzima na mvi zake? Wapwa zangu nao hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imenyesha mfululizo, mbele ya duka pamegeuka tope tupu, wateja wanaruka kama vyura, lakini wanakuja.

Najua umenipigia simu mara nyingi na mimi nikawa nakujibu juujuu, ndiyo, hapana, tutaongea. Usikasirike. Jambo hili halikufaa kuzungumzwa kwa simu. Kwenye simu ungenikatiza, ungecheka, halafu ungempa shemeji naye acheke. Kwenye barua itabidi unisikilize mpaka mwisho, ndipo ucheke utakavyo.

Umesikia kwamba nilihamishia godoro sebuleni. Ni kweli, na aliyekuambia hakutia chumvi. Nilimwambia wifi yako kwamba mgongo unanisumbua na sakafu inanifaa zaidi. Mgongo wangu ni mzima, dada. Kilichokuwa kinauma ni roho.

Unakumbuka nilivyochelewa kuoa. Ninyi nyote mlishakata tamaa, mkasema nitazeeka dukani, kila mwezi nikilala kwenye kitanda kingine, kile kilichokosa mnunuzi. Halafu akaja wifi yako kutafuta kioo, mjane mpole mwenye miwani, akanikuta namdanganya mteja kuhusu kiti. Hakusema kitu mbele ya mteja. Aliponiona peke yangu akaniuliza kama kile kiti nami ningekikalia. Mwezi haukuisha nikawa nakuandikia kwamba nimepata mtu. Tulipooana tukakubaliana nihamie kwake, kwa kuwa nyumba ni yake na iko karibu na duka.

Sasa ngoja nikueleze kuhusu chumba chake cha kulala, kwa sababu wewe unaona kitanda ni kitanda tu.

Chumba kile kina kitanda, kabati la nguo, kabati fupi la droo na vimeza viwili vya pembeni, vyote vya msonobari. Si msonobari ule mwembamba uliopakwa vanishi ikang'aa kama kipara. Ni mbao nene, mafundo yake yameachwa wazi yanakutazama, hazina nakshi wala makuu. Mtu asiyejua atasema ni vitu vya shamba. Mimi ninayekula kwa kazi hii nilipovuka kizingiti mara ya kwanza nilisahau kwamba mimi ni bwana arusi. Nilipiga magoti nikachomoa droo, wifi yako amesimama mlangoni na mto mkononi.

Siku hizi, dada, wako mafundi wanaozeesha mbao mpya kwa makusudi. Wanaipiga mnyororo ipate makovu, wanaipaka maji ya chai nzito ipate rangi ya umri, kisha wanaiita ya kale na kuongeza bei. Mimi huwakamata kwa jambo moja tu: wao huzeesha uso peke yake. Ukigeuza droo na kuitazama tumboni, mbao ni nyeupe kama ya jana. Kitu kilichotumika kweli hakichakai pote sawasawa. Huchakaa pale mkono unapofika, kwenye ukingo wa droo, karibu na kishikio, na kwenye mguu unaogongwa na ufagio kila asubuhi. Ubavu unaotazama dirisha huiva rangi ya asali, na ule uliojificha ukutani hubaki umepauka.

Vya wifi yako vilikuwa na hayo yote. Tena droo zilikuwa zimeungwa pembeni kwa meno yanayoumana, kama mtu aliyefumbata vidole vya mikono yake miwili, bila hata msumari mmoja. Niliona vilevile mahali palipokuwa na matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa kwa ustadi, nikajua kwamba mbao zile zilikuwa na maisha mengine kabla, labda zilikuwa dari au sakafu ya jengo fulani. Na chini ya droo, mahali ambapo hapana jicho litakalofika, pamepigwa msasa mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto. Nikasema kwa sauti, bila kufikiri, kwamba aliyefanya kazi hii alikuwa mwanamume kwelikweli.

Wifi yako aliupigapiga ule mto. Kisha akasema vilitengenezwa humuhumu nyumbani, uani. Basi. Akaweka mto kitandani, akatoka.

Pale ndipo mdudu aliponiingia. Uani kuna kibanda kilichofungwa kufuli, na nilipomuuliza siku za mwanzo aliniambia ni vyombo vya kazi vya zamani. Majirani wote walikuwa wakimwita marehemu mumewe Fundi. Muuza mkaa wa pale kona, kila nikipita, hunipigia kelele kwamba nina bahati, nalala kwenye kitanda cha Fundi. Na sebuleni kuna picha yake, bwana mmoja mrefu kama mlingoti, viganja kama makoleo. Nikajumlisha mwenyewe, nikapata jibu langu, na sikumuuliza mtu.

Mwanzoni nilikiona kitanda kama mtaalamu. Baadaye nikaanza kukiona kama mume. Niligundua kwamba ukikaa ukingoni, goti la wifi yako linakunjika sawasawa na nyayo zake zinatua chini bila kuning'inia. Goti langu mimi linabaki juu kama la panzi. Droo ya juu iko usawa wa kiwiko chake. Ndani ya kabati la nguo, chuma cha kutundikia kiko pale mkono wake unapofika bila yeye kusimama kwa vidole, na mimi nimejigonga paji la uso mara nyingi nikitafuta shati. Upande wake wa kitanda kuna kirafu kidogo, cha kuweka miwani na glasi ya maji tu, kisichofaa kitu kingine chochote. Kila kipimo kilikuwa ni kipimo cha mwili wake.

Nikawaza, huyu bwana alikuwa mrefu kuliko mimi, na bado alikubali kuinama kila asubuhi ya maisha yake ili mkewe asihangaike kunyoosha mkono. Mwanamume gani huyo! Mimi nimemfanyia nini? Nimemnunulia feni.

Dada, mtu akiwa na wivu na aliye hai, atamvizia, atamtukana, hata kupigana naye. Aliyekufa utamfanya nini? Nikaanza kushindana na kitanda. Nilileta kutoka dukani kitanda cha chuma chenye vichwa vya rangi ya dhahabu, kizuri, kinachotamaniwa na watu. Wifi yako alinishukuru sana, akakipeleka chumba cha wageni. Nikaleta meza ya kujipambia yenye vioo vitatu. Akashukuru, akaiweka koridoni, mpaka leo tunatundika miavuli. Alipokuwa anafuta vumbi chumbani, nilikuwa namtazama anavyopitisha kitambaa kwenye ubao wa kichwani, polepole, akifuata mafundo, na roho yangu inanisokota kama nguo inayokamuliwa. Nikilala, kitanda hakilii. Vitanda vyote nilivyowahi kulalia hulia ukigeuka, lakini kile kimya, kama kimenitegea sikio. Ndipo nikajipatia ugonjwa wa mgongo, nikabeba godoro.

Wifi yako hakubishana. Alinipa na shuka safi. Hilo nalo likaniuma.

Sasa katika hali hiyohiyo akaja dukani mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Anapanga upya vyumba vyake, anataka fanicha za msonobari za kweli, za mtindo wa kizamani, na amechoka kuuziwa za chai na mnyororo. Nilimtembeza dukani, nikamwonyesha kwa uaminifu kipi ni cha kweli na kipi kimezeeshwa. Akanipenda kwa hilo. Akaniuliza kama najua seti nzima ya chumba, iliyotoka mkono mmoja. Ulimi wangu ukamjibu kabla yangu. Nikamwambia ninayo, iko nyumbani, aje aione siku ya soko.

Ilibaki kumshawishi wifi yako. Na hapa, dada, uketi vizuri.

Alikwenda hospitali kumtazama mgonjwa. Nikachukua drili ndogo ya dukani, nikaitia sindano nyembamba kuliko zote, nikalala chini ya kitanda mchana kweupe kama fundi wa magari. Nikatoboa nyuma ya ubao wa kichwani, nikatoboa mguu mmoja, nikatoboa na ubavu wa kabati. Miaka yote niliyouza fanicha nimewadanganya watu kuhusu bei, kuhusu ilikotoka, kuhusu nani aliikalia, lakini mbao yenyewe sijawahi kuidhuru. Niliona vumbi linamwagika sakafuni, jeupe, lenye harufu ya utomvu, kana kwamba mti bado unaishi. Sikuacha.

Aliporudi nilimpokea kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya. Nikamweleza kwamba wadudu wamekiingia kitanda, wamefika hata kwenye kabati, na tukichelewa watapanda darini watumalize. Nikasema kwa bahati nzuri yupo mtu atakayevichukua vilevile, atavitibu mwenyewe. Nilizungumza sana. Wewe unanijua, nikisema uongo nakuwa na maneno mengi.

Alivua viatu, akavaa miwani yake, akapiga magoti. Alipitisha kidole kwenye yale matundu, moja baada ya jingine. Akaokota vumbi la sakafuni, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. Alikaa hapo muda mrefu mpaka nikaanza kujikuna.

“Mdudu wako huyu amesomea hesabu?” akaniuliza, bila kugeuka.

Nikamwambia sijamwelewa.

“Ametoboa kwa mstari. Na kila tundu limeachana sawasawa na mwenzake. Wadudu ninaowajua mimi hawana rula.”

Nikaanza kujitetea kwamba wako wa aina mbalimbali. Akaninyooshea kiganja chake nitazame. Akasema mdudu husaga mbao ikawa unga kama wa kujipaka usoni, na hii iliyo mkononi mwake ni vipande vilivyojikunja, basi hii ni kazi ya drili, tena ya sindano butu. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningefarijika.

Dada, badala ya kuomba radhi nikalipuka. Nilisema maneno ambayo nilikuwa nimeyalalia kwa miezi. “Nimechoka,” nikamwambia, “nimechoka kulala kwenye mikono ya mwanamume mwingine! Kila nikigeuka ni yeye. Nikivuta droo ni yeye. Hata shati langu linatundikwa na yeye!”

Alinitazama kama mtu anayetafsiri lugha. Kisha akauliza, “Mrefu? Unamwonea wivu Mrefu?” Akaketi kitandani, akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na alipoivua nikaona kwamba kicheko kimeshaisha na kinachotoka ni kitu kingine.

Mrefu ndiye marehemu. Ndivyo alivyokuwa akimwita ndani ya nyumba. Akanieleza kwamba Mrefu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori aliyeachishwa kazi, na kwamba mtu yule hakuweza kunyoosha msumari uliopinda bila kujiponda kidole. Kitanda alikitengeneza yeye. Kabati yeye. Droo zenye meno, yeye. Msasa chini ya droo, yeye, kwa sababu mjomba wake aliyemfundisha kazi alikuwa akigeuza kila kitu juu chini kabla ya kusema ndiyo. Alipelekwa kwa mjomba huyo akiwa msichana, afagie maranda ya mbao na kuwapikia mafundi, na kabla hawajatambua alikuwa analainisha mbao kwa randa vizuri kuliko wao. Mbao za chumba kile alizinunua bweni la shule lilipobomolewa, zikaja kwa mkokoteni zimejaa misumari, akaing'oa yeye mwenyewe akiwa na mimba, ambayo baadaye iliharibika.

Nikamuuliza, sasa mbona watu wote humwita marehemu Fundi?

Akasema kwa sababu wateja walikuwa wakifika na kumkuta mwanamke mwenye randa, wanauliza fundi yuko wapi. Wengine walimcheka, wengine waligeuka wakaondoka. Basi wakakubaliana, Mrefu akae mbele apokee wageni, apime kwa macho, atikise kichwa, na yeye afanye kazi uani. Mrefu alikuwa na umbo la fundi. Walikula hivyo miaka mingi. Kazi pekee aliyoifanya Mrefu kwa mikono yake ilikuwa kushika upande wa pili wa ubao, na umeme ukikatika, kumshikia taa.

“Alipofariki,” akasema, “watu walikuja msibani wakaniambia pole, fundi amekwenda. Hakuna aliyerudi kuagiza hata stuli. Walimzika fundi, dada zangu wakanishika mikono nisianguke, na mikono yenyewe ndiyo iliyokuwa imezikwa.”

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. Akaniambia siku ya kwanza nilipoingia chumbani nilikisifu kitanda nikamsifu mwanamume. Akasema, ngoja nisubiri, huyu anazijua mbao, siku moja ataniuliza nani. “Umenusa,” akasema, “umegonga, umepima, umetazama mpaka tumboni mwa droo. Hukuuliza. Ulikuwa unataka sana awe ni yeye.”

Mimi hujisifu kwamba nikishika kiti nitakuambia aliyekitengeneza alikuwa anatumia mkono gani. Vipimo vyote nilikuwa nimevisoma sawasawa, goti, kiwiko, urefu wa mkono, na sikujiuliza hata mara moja kwamba huenda aliyejipimia ni mwenye mwili.

Usidhani alinisamehe palepale. Wivu aliusamehe, matundu hakuyasamehe. Alinipikia, akanitengea, akanipa mgongo. Kesho yake nikamsikia anahangaika na kufuli ya kibanda, imeshika kutu. Nilikwenda kumsaidia, akanitazama jicho moja tu, nikarudi ndani. Baadaye nikasikia jiwe la kunolea. Akanoa patasi, akanoa randa, siku nzima. Halafu akaja chumbani na vijiti vyembamba alivyovichonga na gundi, akanikabidhi nizibe matundu yote mwenyewe, naye amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza nikamwambia, kama mtaalamu, kwamba kitanda sasa kimeshuka thamani kidogo. Akasema ndiyo, kwa sababu ya mdudu mmoja. Mdudu huyo ndiye anayekuandikia.

Ungeweza kudhani nimejifunza. Subiri.

Siku ya soko ikafika, na kwa aibu nilikuwa sijamwambia yule mama wa nyumba ya wageni asije. Akaja. Wifi yako yuko uani, anapiga randa ubao kwa ajili ya kujaribu mikono tu. Nikamwambia mgeni wangu kwamba seti haiuzwi tena. Akaomba aione hata hivyo. Alipoiona akapapasa ubao wa kichwani, akachomoa droo na kuigeuza kama nilivyomfundisha. Kisha akasikia randa, akatazama mlango wa uani, akanitazama mimi na mabega yangu, akauliza kama zinaweza kutengenezwa nyingine za namna ile kwa vyumba vyake. Nikasema zinaweza. Uso wake ukafunguka.

“Kumbe wewe mwenyewe ndiye fundi!”

Nikaitika, “Naam.”

Dada, lilikuwa tamu. Sitakuficha. Lilinishuka kooni kama uji wa moto wakati wa baridi. Ndani ya sekunde ile nilikuwa mtu ambaye nilikuwa nimemwonea gere mwaka mzima. Na kule uani randa ikanyamaza. Ikanyamaza kwa kitambo, kisha ikaendelea. Mama akaagiza vitanda, akaaga akiniita fundi, fundi, mpaka barabarani.

Wakati wa chakula nilisubiri aseme. Mwishowe nikauliza mwenyewe kama alisikia. Akamaliza kutafuna kwanza.

“Nimeshaolewa na Fundi mmoja,” akasema. “Nilimpenda, na nilikubali kwa sababu tulikuwa na njaa. Wewe sikuolewa nawe nipate wa pili.”

Asubuhi nilivaa shati la kupigia picha, nikaenda kwenye ile nyumba ya wageni. Nilimkuta mama pale mapokezi, mfagiaji yuko hapo, na wageni wawili na mizigo yao. Ningeweza kumwomba tusogee pembeni. Niliogopa kwamba nikisogea pembeni nitapunguza maneno. Nikamwambia palepale kwamba fundi si mimi, ni mke wangu, na kwamba mimi hata kupigilia kigingi hunishinda.

Alishangaa, akacheka kidogo, si kwa ubaya. Kisha akasema kitu ambacho nadhani wifi yako alishakisikia mara nyingi. Alisema kama ni hivyo basi bei nayo tuitazame upya, maana kazi ya mwanamke haiwezi kuwa na bei ileile.

Miaka yote nimethamini samani za watu, na sijawahi kuulizwa swali ambalo jibu lake nililijua vizuri hivyo. Nikamwambia ulipokigusa kile kitanda jana hukuuliza ni cha nani, uligeuza droo. Mbao ni ileile, meno ni yaleyale, bei ni ileile. Akasema atafikiri. Nikarudi nyumbani nikiwa nimepoteza kazi ya vyumba vyote vile, na nikamweleza wifi yako kila neno, hata lile la bei. Alinisikiliza, akanirushia kipande cha msasa, akaniambia nisugue nikifuata mkondo wa nyuzi za mbao, nisikate njia.

Yule mama ametuma mtu juzi. Anataka kitanda kimoja, cha kujaribia. Kimoja tu. Wifi yako amesema kimoja kinatosha kuanzia, na tayari mbele ya nyumba kuna ubao ulioandikwa kwa rangi kwamba fundi yupo, ni mwanamke, pita uani. Muuza mkaa ameusoma mara mbili na tangu hapo hanipigii kelele.

Godoro nimelirudisha. Mgongo umepona.

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungesema mdogo wangu amekuwa mtu. Lakini kuna jambo moja sijamwambia yeyote, na kwa ajili yake ndiyo nimeandika kurasa zote hizi.

Jana mchana alikuwa anakata ubao mrefu wa hicho kitanda cha mteja. Mimi nilisimama mlangoni mwa kibanda, namtazama. Ameinama, penseli sikioni, jasho linamtiririka, hayuko duniani, yuko ndani ya mbao. Msumeno ulipokaribia mwisho, upande wa pili wa ubao ukaanza kulegea. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akasema, “Mrefu, shika hapo.”

Hakusikia mwenyewe alichosema. Alisema kama mtu anavyopumua.

Liliniuma, dada. Yale yote ya kitanda na kabati yalikuwa kuumwa na sisimizi. Nilikuwa nimeshamshinda yule bwana kwenye mbao, nimemvua ufundi wake wote, nikadhani sasa hana kitu tena ndani ya nyumba ile. Kumbe kitu chake chenyewe kilikuwa hicho, kusimama upande wa pili na kushika, mpaka mkono wa yule mwanamke ukazoea kwamba yupo mtu nyuma yake. Cha namna hiyo hakina bei ninayoweza kuitaja, na hakuna mwenye duka atakayekiuza. Wivu haujaniisha. Nakuambia wewe kwa sababu ukimwambia mtu mwingine nitakana.

Lakini ubao ulikuwa unaanguka. Niliingia, nikaushika. Nikaushika mpaka msumeno ukapita. Akanyanyuka, akanitazama, akasema asante, akaniita kwa jina langu, akaendelea na kazi. Sikumwambia. Sitamwambia.

Basi, wasalimie wote. Mwambie shemeji anywe dawa. Wifi yako anakusalimu kwa mikono miwili yenye gundi, na anasema ukija usilete chochote, njoo na goti lako tu alipime, maana amesikia vitanda vya kwenu viko juu mno kwa mtu anayeumwa. Njoo, dada. Chumba cha wageni kina kitanda cha chuma chenye vichwa vya dhahabu, na mpaka sasa hakuna anayekitaka.

Wako akupendaye, mdogo wako wa mwisho,
mwenye duka la fanicha.